Shangazi, kaka yangu hataki tuukague mlima kabla ya kushuka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 31. Nilianza kuteleza kwa ubao wa theluji nikiwa na miaka 12, mwaka mmoja baada ya baba yetu kufariki. Aliyenifundisha ni kaka yangu, aliyenizidi miaka kumi. Alikuwa ananishika mikono yote miwili, yeye akirudi kinyumenyume na mimi nikimfuata, na siku niliyosimama mwenyewe bila kuanguka alipiga kelele za furaha hadi watu wakageuka kutuangalia. Yeye ndiye alinilipia ada, ndiye alinioza. Naeleza haya ili usije ukadhani naandika kumshitaki.

Tatizo ni namna anavyoshuka. Siku hizi hatukai tena kwenye njia zilizotengenezwa na kulindwa. Tunatoka nje, tunapanda kwa miguu, tunatafuta miteremko mikali ambayo haijaguswa. Kaka hataki kabisa kuukagua mlima kabla. Hataki picha, hataki ramani, hataki hata kusimama upande wa pili wa bonde na kuutazama. Anasema ukishauona mlima kwenye picha umeshauharibu, na kwamba mteremko unatakiwa ukutane nao kwa mara ya kwanza ubao ukiwa miguuni. Tukifika kileleni anachungulia mara moja, anakaza vifungo, anaondoka. Mimi nafuata mstari wake. Kwa miaka mingi niliamini huo ndio ujasiri.

Msimu uliopita tuliingia kwenye korongo fulani. Kutoka juu lilionekana laini na pana kama kitanda. Tulipopita sehemu iliyobinuka, mteremko ukawa mkali ghafla na theluji ikabadilika, ikawa ngumu, na chini yake barafu. Kaka alisimama kwa kishindo upande wa kushoto na kunipigia ukelele nisiendelee. Nilisimama kwa ukingo wa ubao ulio upande wa vidoleni, uso nimeugeuzia mlima, ngumi moja nimeizamisha kwenye theluji. Vipande vilivyomegwa na ubao wangu viliteremka kati ya magoti yangu vikisema shshsh, kisha kimya. Vikamegeka vingine, shshsh, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kilichoniambia kwamba chini yetu hapakuwa na ardhi. Tulikuwa mita chache juu ya genge.

Ilitubidi kufungua ubao mguu mmoja mmoja na kupanda tulikotoka, tukipiga ncha za viatu kwenye barafu hadi vidole vikafa ganzi. Ilituchukua zaidi ya saa mbili. Hatukusema neno. Tulipofika nyumbani kaka alilisimulia jambo lile kama kichekesho, kwamba tulipotea njia na mimi nikalia kama mtoto. Shemeji alicheka, watoto wakacheka. Sikulia, Shangazi, lakini nikanyamaza.

Sasa amepanga Machi twende kwenye uso wa mlima ambao tumeuona kwa mbali tu tukiwa barabarani. Safari hii anataka tumchukue mwanawe wa kwanza, mwenye miaka 17. Kijana anateleza vizuri sana, pengine kunishinda. Wiki iliyopita tulikuwa wawili gereji tukipaka nta mbao zetu. Akaniuliza bila kuinua macho, "Baba mdogo, kule ni salama?" Nikamjibu, "Baba yako anajua." Tangu siku hiyo silali vizuri.

Nilishajaribu kusema. Nilimwambia kaka twende kwanza ng'ambo ya bonde tuangalie kwa darubini, siku moja tu. Akaniuliza, "Umeanza lini kutoniamini?" Nikanyamaza tena.

Mama alitulea kwa methali moja kuliko zote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami nauliza, mkuu mwenyewe akiwa ndiye anayekupeleka kuvunjika guu, unasikia la nani? Nikikataa kwenda, nitakuwa nimewaacha. Nikienda, nitakuwa nimekubali. Nikimwambia shemeji ukweli wa lile korongo, nitakuwa nimemvua kaka nguo mbele ya mkewe. Nisaidie.

Mdogo Mtu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale kwenye kimya cha vile vipande vya theluji, mikono inaniingia baridi. Mimi nami niliteleza kwa ubao miaka mingi, mpaka goti la kushoto lilipokataa. Najua raha anayoifuata kaka yako. Sitaki uniandikie ukidhani nitamwita mwendawazimu.

Nikikuelewa sawasawa, ndugu aliyekulea ana mazoea ya kushuka miteremko mikali bila kuipeleleza. Mara moja mmenusurika. Sasa anataka kuongeza mtoto kwenye mazoea hayo, nawe unaona kumpinga ni utovu wa adabu na kumfuata ni hatari. Hayo umeyaeleza vizuri. Ila kuna jambo umelipita mbio, na nadhani ndilo linalokunyima usingizi: kijana alikuuliza swali la kweli, ukamrudisha kwa baba yake. Nitalirudia baadaye.

Kwanza hilo korongo. Umelieleza kama mkosi, kana kwamba mlima uliwageuka. Hebu litazame upya. Ukisimama juu ya mteremko uliobinuka kama tumbo la mtungi, jicho lako linaona bega la mtungi tu. Tumbo lenyewe na kitako chake vimefichwa na ule mbinuko. Hii haihusiani na uzoefu. Hata awe bingwa wa dunia, kutoka pale juu haoni. Tena ni kwenye mbinuko huohuo ambapo tabaka la theluji linakuwa limevutika, kwa hiyo ni mahali penye tabia ya kukatika na kuanzisha poromoko. Mabamba mengi ya theluji hukatika kwenye miteremko ya kati ya digrii 30 na 45, yaani palepale panapowapendeza watu wa ubao. Kwa hiyo mtu anayechungulia mara moja na kuondoka hajaukagua mlima hata kidogo. Ameiona sehemu ile isiyoweza kumwambia kitu.

Na ubao una mtego wake. Mwenye skii, yaani mbao mbili nyembamba, moja kwa kila mguu, akifika pabaya anaweza kujisogeza juu kwa ubavu, hatua kwa hatua, akiegemea fimbo zake. Wewe miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja. Kurudi juu maana yake ni kufungua vifungo, na unavifungua mahali ambapo ukingo wa ubao ndio kitu pekee kinachokushikilia. Ulifanya hivyo juu ya genge, ndiyo maana nyote wawili mlinyamaza saa mbili nzima. Poromoko nalo likikupata, vifungo vya ubao havijifungui vyenyewe kama vile vya skii vinavyoweza kuachia. Ubao unabaki miguuni na kukuvuta chini kama nanga.

Sasa nikuulize kuhusu neno alilokutupia kaka yako: kuamini. Alikuuliza umeanza lini kutomwamini, nawe ukalipokea neno hilo kama lilivyo. Lakini ulipotaja darubini, ulikuwa unamzungumzia yeye? Ulikuwa unazungumzia mwamba, barafu na genge. Unaweza kumwamini mtu kwa roho yako yote na bado ukataka kujua kama ardhi ipo. Verbier, Uswisi, kuna mashindano yaliyoanza mwaka 1996 kwa watu wa ubao peke yao, kwenye mlima uitwao Bec des Rosses, wenye urefu wa mita 3,223. Washindani hawaruhusiwi kuuteleza uso ule kabla ya siku yenyewe. Wafanyalo ni kukaa ng'ambo na darubini na picha, saa nyingi, wakikariri kila jiwe. Wanajifunza hata kugeuza picha kichwani, kwa sababu mwamba ulio kushoto kwako unapotazama kutoka chini utakuwa kulia kwako unaposhuka. Hao ni miongoni mwa watelezaji bora duniani, na wanapoondoka kileleni bado wanakutana na mteremko kwa mara ya kwanza ubao ukiwa miguuni, kama anavyopenda kaka yako. Sioni kama macho yao yameuharibu mlima.

Lakini na wewe usije ukadhani kukagua ni dawa. Hapa naomba unisikilize sana, maana naona unaitegemea darubini kama vile ikishatoka mkobani hatari imekwisha. Craig Kelly, mmoja wa wateleza ubao walioheshimiwa kuliko wote, alikuwa anasomea kazi ya kuongoza watu milimani alipofariki kwenye poromoko huko British Columbia, Kanada, Januari 2003, pamoja na watu wengine sita, katika msafara uliokuwa na kiongozi mzoefu. Marco Siffredi wa Chamonix, Ufaransa, alishuka Everest kwa ubao mwaka 2001, akarudi mwaka uliofuata kwa ajili ya korongo la Hornbein kwenye mlima huohuo, ambalo alilitamani tangu safari ya kwanza. Alianza kushuka Septemba 2002 akiwa na miaka 23, na hakuonekana tena. Hao hawakuwa watu wa kubahatisha. Kukagua kunakuondolea yale yanayoweza kuonekana: genge, ufa, ukingo wa theluji unaoning'inia, theluji iliyorundikwa na upepo upande mmoja, alama za maporomoko mapya kwenye miteremko inayoelekea upande uleule, na kama bonde la chini lina pa kutokea au ni shimo la kufukiwa. Mengine yanabaki. Ndiyo maana wapo wasiotosheka na darubini, wanaupanda mteremko uleule watakaoushuka, ili miguu yao iisikie theluji kabla ya ubao.

Kuna jambo jingine umeliandika kwa uhakika ambao mimi sina: kwamba kaka yako ni jasiri. Huenda. Simjui, kwa hiyo pokea haya kama ya mtu anayewaza kwa sauti. Alikuwa na miaka 21 baba yenu alipofariki. Tangu hapo amepanga kila kitu, ada yako, ndoa yako, nyumba, watoto. Inawezekana mlimani ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayemtaka ajue kitu kabla. Mtu wa namna hiyo ukimletea darubini na ramani, anaona umemletea kazi ileile aliyoikimbia. Na inawezekana pia anaogopa. Anayetazama inambidi aamue, na pengine aamue kutokwenda. Asiyetazama amejiepushia saa hiyo ngumu. Lile genge lilimtisha yeye kama lilivyokutisha wewe, nadhani zaidi, kwa sababu alikuwa amekutangulia na wewe ni mdogo wake. Kicheko cha nyumbani ninakisikia hivyo. Kilikuuma, na ulikuwa na haki ya kuumia, lakini sijui kama kilikuhusu wewe.

Kuhusu methali ya mama: mkuu ni nani? Kwa kaka yako wewe ni mdogo. Kwa yule kijana wewe ni baba mdogo. Aliposema "kule ni salama?" alikuwa anasikiliza la mkuu, na mkuu ulikuwa wewe. Mmarekani mmoja, Ian McCammon, alichambua ajali nyingi za maporomoko mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuonyesha jinsi watu, hata wenye mafunzo, wanavyopitwa na dalili zilizo wazi. Mojawapo ya mitego aliyoieleza ni kuwepo mtu mmoja ambaye kundi limemvika ubingwa, wengine wakaacha kufikiri. "Baba yako anajua" ni mtego huo kwa maneno mawili matatu. Sikulaumu. Ulisema vile kwa sababu miaka 19 umekuwa ukijiambia hivyo wewe mwenyewe.

Basi tuzitazame njia zako.

Unaweza kwenda bila kusema lolote. Wengi hufanya hivyo, wakitumaini kwamba wakiwepo watazuia baya. Lakini mara ya mwisho ulikuwepo, na ulisimama juu ya genge lilelile. Kuwepo kwako kimya, mbele ya kijana, kunaweza kuwa ndiko kunakomfanya aamini kwamba mambo yapo sawa.

Unaweza kukataa. Hatari yake unaijua: watakwenda wawili, na kaka atakosa mtu mwingine mzima wa kumchimbua. Aliyefukiwa na theluji ana nafasi nzuri akitolewa ndani ya dakika kumi za kwanza, baada ya hapo nafasi hiyo inaporomoka upesi. Kwa hiyo, hata ukikataa, swali linabaki: huyu kijana anajua kutumia kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa, kuchoma theluji kwa ufito ili kumgusa alipo, kuchimba kwa mpango? Akifukiwa baba yake, mikono itakayochimba ni ya mtoto wa miaka 17. Na vifaa hivyo vyote, mwanangu, havina msaada wowote kwa genge. Upande mwingine, kukataa kwako kunaweza kuwa sauti ya kwanza kaka kuisikia tangu aanze kushuka hivi. Sijui ni lipi kati ya hayo litatokea. Wewe unamjua zaidi.

Unaweza kwenda kuukagua mwenyewe, kimyakimya. Hili nilikaribia kulipenda, kisha nikakumbuka anavyochungulia mara moja na kuondoka. Elimu iliyo kichwani mwako haitamfikia yeye aliyetangulia mita hamsini. Akibadilisha mstari kidogo tu, picha zako zote zimekwisha kazi.

Shemeji je? Umesema ni kumvua kaka nguo. Naelewa, na siri za kaka mtu hazimwagwi ovyo. Ila fikiri pia upande wake: ni mama anayeruhusu mwanawe aende kwa kutegemea kisa alichosimuliwa akacheka. Ukimweleza bila kaka kujua, unaweza kuvunja kitu ambacho hutakiunga upesi. Ukimnyima kabisa, umeamua kwa niaba yake. Kati ya hayo mawili ipo njia ya kumwambia kaka kwanza: "Nataka shemeji ajue yaliyotokea kweli, na ningependa umweleze wewe." Ni sentensi nzito. Huenda akakasirika wiki nzima. Huenda pia akapumua.

Na ukizungumza naye, usizungumze kileleni, pale damu inapokuwa imechemka na upepo unapiga. Wala usianze na mlima wa Machi. Mimi ningeanza na lile korongo, tuwe wawili tu, nimuulize alichokisikia yeye. Mimi nilisikia shshsh kisha kimya, kaka, wewe ulisikia nini? Labda hamjawahi kuulizana. Kama atajibu, hapo ndipo pa kumwomba mkubaliane mapema, mkiwa na chai mkononi, ni dalili gani mkiiona mtageuka wote watatu bila mjadala, na kwamba neno la mdogo kuliko wote linatosha kuwageuza. Taarifa ya hatari ya maporomoko isomwe asubuhi hiyo, ambako inatolewa. Ina ngazi tano, na watu wengi hufa ikiwa ngazi ya tatu, ile ya katikati ambayo masikio huichukulia kama ya kawaida. Kama atakataa yote hayo, utakuwa umejua kitu ambacho leo hukijui, na utaamua ukiwa nacho.

Ila kabla ya kaka, kabla ya shemeji, kuna kijana anayesubiri jibu. Sikuambii umtie hofu, wala umpindue dhidi ya baba yake. Unaweza kumwambia tu kwamba siku ile gereji ulimjibu haraka, na kwamba hujui kama kule ni salama. Kisha, kama utapenda, mchukue siku moja yenye anga safi mwende ng'ambo ya bonde, wawili, bila mbao. Mbebe darubini, karatasi na penseli. Mwache yeye auchore ule mlima kuanzia kileleni: mstari atakaopita, miamba, mahali theluji inapobinuka. Itafika sehemu penseli yake itasita, kwa sababu haoni kinachofuata. Hapo usimsaidie upesi. Muulize anadhani kuna nini.